Panya anayezunguka anathibitisha nini kuhusu dawa ya Parkinson?

Tangu Urban Ungerstedt wa Karolinska, Sweden, aanzishe njia hii mwishoni mwa miaka ya 1960, dawa nyingi za Parkinson zimepita kwa panya anayezunguka. Seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo na inayopungua kwa wagonjwa wa Parkinson, huuawa upande mmoja wa ubongo, panya hupewa dawa, mizunguko huhesabiwa. Pande zote mbili haziguswi kwa pamoja, kwani panya huyo huacha kula na kunywa, na asipolishwa kwa mrija hufa.

Sumu inayotumika, 6-hidroksidopamini, ni korofi. Kipimo cha kawaida ni kama mikrogramu 8 katika mikrolita 4 za maji ya chumvi yaliyotiwa vitamini C asilimia 0.02, ili isiharibiwe na hewa. Ikigeuka rangi ya kahawia, imwagwe. Ukiitumia utapata majeraha nusunusu. Sindano ikichomolewa haraka, sumu hupanda nayo, hivyo huachwa ndani dakika chache. Desipramini, dawa ya sonona, hutangulia nusu saa kabla, kukinga seli za noradrenalini (kemikali nyingine ya ubongo) ambazo nazo huimeza sumu hiyo.

Wiki chache baadaye panya hupimwa. Amfetamini hufyatua dopamini upande uliosalimika, naye huzungukia upande ulioumia. Apomofini, inayoiga dopamini, huleta kinyume chake: vipokezi (sehemu za seli zinazopokea dopamini) vilivyokaa bila dopamini vimekuwa vyepesi kusisimka, hata miligramu 0.05 kwa kilo inatosha.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Mashine huhesabu yenyewe, na bila kumpasua mnyama unajua nani ameumia vya kutosha. Kwa kuchuja panya kabla ya jaribio, sioni njia iliyo rahisi zaidi.

Tatizo ni kuigeuza hakimu wa tiba. Mzunguko huo umeletwa na dawa, mgonjwa hazunguki. Seli chache zilizopandikizwa zinaweza kufuta mizunguko ya amfetamini, hata kumgeuza panya azunguke kinyume, na mguu wake wa mbele ukabaki mzito vilevile. GDNF, protini inayolinda seli za dopamini, ilisaidia panya na nyani, lakini kampuni ya dawa ya Amgen ilisitisha majaribio kwa wagonjwa mwaka 2004. Si haki kulaumu kipimo pekee: kuifikisha protini hiyo ndani ya ubongo ni kazi ngumu. Hata hivyo, seli za panya hawa hufa kwa siku au wiki, za mgonjwa kwa miaka, tena panya hawapati vijibonge vya alfa-sinukleini, protini inayorundikana ndani ya seli za wagonjwa.

Hukumu ya tiba ingeachiwa jaribio la silinda. Panya huwekwa bila dawa ndani ya silinda ya kioo yenye upana wa sentimita 20 hivi, unahesabu mguu upi unagusa ukuta anaposimama. Mzima hutumia yote miwili karibu sawa. Aliyeumia huegemea ule wa upande wa jeraha, maana kila upande wa ubongo huendesha mguu wa upande wa pili. Udhaifu wake ni panya aliyeizoea silinda: hasimami tena. Asiingizwe kuzoezwa kabla, apimwe wakati wake wa giza chini ya taa nyekundu, na anayehesabu kwenye video asijue nani alitibiwa.