"Fundisheni zote mbili": hicho kipindi cha pili kina nini ndani?

Ombi la "fundisheni zote mbili" linapendeza masikioni. Mtoto asikie habari za mageuko ya viumbe, asikie na za uumbaji, kisha aamue mwenyewe. Nani atapinga haki kama hiyo? Mimi napinga, na wala si kwa chuki ya dini. Ombi hilo lilishafikishwa mahakamani Marekani zaidi ya mara moja, watu wakahojiwa chini ya kiapo, na waliolileta hawakuweza kujibu swali ambalo mwalimu yeyote huuliza anapokaa kuandika andalio la somo: dakika arobaini hizo tutafanya nini?

Kesi ya kusoma kwa utulivu ni ile ya Dover, wilaya ya shule huko Pennsylvania. Tarehe 18 Oktoba 2004 bodi yake ilipiga kura, sita kwa tatu, kwamba wanafunzi wa baiolojia waelezwe mapengo yaliyomo katika nadharia ya Darwin na wajulishwe kwamba kuna maelezo mengine, yaitwayo usanifu wenye akili. Hoja yake ni kwamba baadhi ya sehemu za viumbe ni tata mno, haziwezi kuwa zimejijenga hatua kwa hatua, kwa hiyo lazima yuko aliyezisanifu. Huyo aliyezisanifu hatajwi jina. Utaratibu ukawa huu: tamko la aya nne lisomwe mbele ya darasa la tisa kabla ya mada ya mageuko kuanza, nakala 60 za kitabu *Of Pandas and People* ziwepo shuleni kwa atakayetaka kujua zaidi, mjadala usiwepo, na walimu wasijibu maswali juu ya jambo hilo.

Walimu wa sayansi waligoma kulisoma. Januari 2005 wasimamizi wa wilaya wakaingia madarasani wenyewe, wakasoma, wakatoka. Aya nne hazimalizi hata dakika mbili. Angalia basi kilichopatikana pale ambapo watetezi wa ombi hili walikuwa na bodi mkononi na kitabu tayari: dakika mbili za kusomewa, na mwanafunzi asiulize. Ni somo gani la sayansi linaloanza kwa kukataza maswali?

Ili kuelewa kwa nini tamko lilikuwa jembamba hivyo, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1925 Tennessee ilipitisha sheria ya kukataza kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama, na mwalimu John Scopes akatozwa faini ya dola 100 katika mji wa Dayton. (Mwaka 1927 hukumu ilifutwa kwa sababu ya kiufundi tu: faini ilipangwa na jaji badala ya baraza la wazee wa mahakama.) Marufuku za aina hiyo zilikufa mwaka 1968, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipobatilisha sheria ya Arkansas. Ndipo ikaja njia ya pili, ya uwiano: ukifundisha mageuko, fundisha na "sayansi ya uumbaji". Arkansas ilishindwa mahakamani kwa sheria hiyo mwaka 1982, na Louisiana mwaka 1987, katika Mahakama ya Juu, kwa kura saba dhidi ya mbili, maana Katiba ya Marekani hairuhusu shule ya umma kueneza dini. Baada ya hapo, aliyetaka kuingiza uumbaji katika shule ya umma ilimbidi asimtaje Mungu, asitaje kitabu cha Mwanzo, asitaje gharika, asitaje umri wa dunia. Ukishaviondoa vyote hivyo, kinachosalia ndicho kile cha dakika mbili.

Ushahidi wa uondoaji huo uliwekwa mezani katika kesi ya Dover. Barbara Forrest, mtaalamu wa falsafa, alilinganisha rasimu za kile kitabu cha *Of Pandas and People* zilizoandikwa kabla na baada ya hukumu ya 1987. Kila palipokuwa na neno la Kiingereza la kumtaja muumini wa uumbaji, "creationists", paliwekwa "design proponents" (watetezi wa usanifu), na sentensi nyingine hazikuguswa. Katika rasimu moja mkono uliteleza, likabaki dude lisilo na maana: "cdesign proponentsists". Kwangu mimi kosa hilo la uchapaji lina uzito kuliko hotuba nyingi zilizotolewa katika kesi ile.

Kesi yenyewe, iliyofunguliwa na wazazi dhidi ya wilaya, ilisikilizwa Harrisburg kuanzia tarehe 26 Septemba hadi 4 Novemba 2005. Shahidi mkuu wa bodi, mwanabiokemia Michael Behe, alileta mfano wa mkia ambao bakteria huutumia kuogelea. Una protini kadhaa, alisema. Ondoa moja, mkia haufanyi kazi. Kwa hiyo haukujengeka hatua kwa hatua. Hii angalau ni hoja inayopimika, na ilipimwa. Kenneth Miller, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Brown na Mkatoliki anayekwenda kanisani, alionyesha kwamba protini kama kumi za mkia huo zinafanana na zile zinazounda sindano ambayo bakteria wa tauni hutumia kuingiza sumu kwenye seli. Maana yake, ukipunguza vipande, kinachobaki bado kina kazi, ila kazi nyingine. Behe alipodai pia kwamba sayansi haina maelezo ya chimbuko la mfumo wa kinga mwilini, wakili wa wazazi alimwekea mbele machapisho 58 na vitabu tisa. Akajibu kwamba hayatoshi. Akakiri pia kwamba kwa tafsiri yake ya nadharia ya kisayansi, hata unajimu ungehesabika.

Sasa weka pembeni ya hayo mfano mwingine wa Miller, ambao ni wa kufundishika. Sisi tuna kromosomu 46. Sokwe, gorila na orangutani wana 48. Kama tuna babu mmoja, jozi moja haiwezi kuwa imepotea tu, maana kupoteza jozi nzima ya kromosomu huua. Basi jozi mbili lazima ziliungana zikawa moja. Kila kromosomu ina alama maalumu kwenye ncha zake mbili na kiungo kimoja katikati. Kwa hiyo, kama ziliungana kweli, mahali fulani ndani ya mwili wetu pawe na kromosomu yenye alama za ncha zikiwa katikati, na viungo viwili, kimoja kimezimika. Isipopatikana, dai la babu mmoja limo taabani. Ilipatikana: ni kromosomu namba 2. Mwalimu anaweza kuifanya kwa vipande vya karatasi na kalamu za rangi mbili, na mwanafunzi asiyekubali hata kidogo anajua angetakiwa kuonyesha nini ili kuipinga. Usanifu wenye akili haukuleta hata zoezi moja la namna hii.

Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones III, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alitoa hukumu ya kurasa 139: usanifu wenye akili si sayansi, na kuuingiza darasani kunakiuka Katiba. Wapiga kura walikuwa wameshawaondoa wajumbe wanane wa bodi tangu Novemba. Wilaya ikalipa zaidi ya dola milioni moja, gharama za mawakili wa wazazi 11 walioshtaki. Jaji aliandika pia kwamba wajumbe waliojivunia imani yao hadharani walidanganya mara kwa mara ili kuficha nia yao. Mmoja alikuwa amechangisha dola 850 kanisani kwake kununua vile vitabu 60, kisha chini ya kiapo akasema hajui fedha zilitoka wapi. Dini ilipata faida gani hapo?

Na asije mtu akasema ni vita ya wasioamini. Katika kesi ya Arkansas ya 1982, mshtaki aliyetajwa wa kwanza alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, na pamoja naye walikuwapo maaskofu wa Kikatoliki, wa Kianglikana na wa Kimethodisti. Walielewa jambo ambalo wengi hawalioni: ukiipeleka Mwanzo maabara, umeiweka chini ya kanuni za maabara, na huko kila kitu kinaweza kukanushwa Jumatatu ijayo.

Huku kwetu sheria ni tofauti. Shule za umma za Kenya zina vipindi vya dini kwenye ratiba, jambo ambalo Marekani haliwezekani kwa sura hiyo. Hata hivyo mtaala wa baiolojia wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, ambao sasa unaondoka, unaweka "uumbaji maalumu" kidato cha nne sambamba na mageuko ya kikemikali (kwamba uhai ulitokana na kemikali zisizo hai) kama nadharia za chimbuko la uhai. Hapo ndipo "zote mbili" imetekelezwa, na matokeo yake yanaonekana: uumbaji unapata aya chache, mwanafunzi anazikariri, kisha kitabu kinageukia visukuku, mtawanyiko wa viumbe, viinitete na ulinganisho wa maungo. Wakati huohuo, katika CRE, yaani somo la dini ya Kikristo, ya kidato cha kwanza, mwanafunzi yuleyule anasoma masimulizi mawili ya uumbaji yaliyomo Mwanzo 1 na 2, anatakiwa kutaja tofauti zake, na anayalinganisha na masimulizi ya jamii za Kiafrika. Huko ndiko uumbaji unakofundishwa kwa uzito. Zile aya za kwenye kitabu cha baiolojia ningeziondoa, na sidhani padri wala sheikh angeona pengo.

Muda utakaookolewa utumike kwa yanayotuhusu. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni mfano ambao hakuna kitabu cha ng'ambo kinachoushinda. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu katika Afrika Mashariki kuanzia 1949, akaona vinasaba vya selimundu vimejaa pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na ni haba nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha sababu: mwenye nakala moja ya jeni hiyo analindwa dhidi ya malaria kali, mwenye mbili anaugua. Mwanafunzi akichora ramani ya malaria na kuilaza juu ya ramani ya selimundu, uteuzi asilia, yaani wenye sifa inayofaa mazingira kuishi na kuzaa zaidi, umeshaelezeka.

Au klorokwini, dawa ya malaria. Vimelea sugu vilienea, hata Tanzania Bara ikaiacha dawa hiyo mwaka 2001, ikaingia SP (sulfadoksini-pirimethamini), nayo ikachoka haraka. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Malawi iliiacha klorokwini mapema, 1993, na miaka kama 12 baadaye ikaonekana inatibu tena karibu kila mgonjwa, kwa sababu bila dawa vimelea visivyo sugu vilivishinda vilivyo sugu. Mseto wenyewe una mantiki hiyohiyo: kimelea kinachoikwepa dawa moja kinakutana na ya pili.

Kwa darasa lisilo na maabara, chukua maharage mekundu 50 na meupe 50, yatawanye juu ya kitenge chenye maua mekundu na ya kahawia. Wanafunzi watano, kila mmoja aokote kumi. Yamebaki 50, kila moja liongezewe mwenzake wa rangi ileile, yarudi 100. Fanya mizunguko mitatu, mkiandika hesabu ubaoni. Linaloharibu zoezi ni wanafunzi kuchuchumaa na kuchagua taratibu. Waambie wageuze uso baada ya kila harage na waokote la kwanza kuonekana. Usitumie udongo mtupu, maharage yatazama na hesabu itavurugika. Kosa la pili liko kichwani: wengi watasema maharage "yamejibadilisha" ili yasionekane. Waulize ni harage lipi limebadilika rangi. Hakuna. Kilichobadilika ni idadi. Mwanafunzi asiyeliona hilo atamaliza kidato cha nne akidhani twiga alirefusha shingo kwa kujinyoosha.

Swali moja litakuja tu, mara nyingi kutoka dawati la nyuma: "Mwalimu, kwa hiyo Biblia inadanganya?" au "Kurani je?" Usilikwepe kwa mzaha, na usigeuke mhubiri wa upande wowote. Mwambie kwamba kipindi hiki kinaweza kuhukumu kinachopimika tu, na Mungu si kipimo cha rula. Mwambie wapo wanasayansi wanaoswali na wanaosali, Miller akiwa mmoja wao, na kwamba swali lake alipeleke kwa mwalimu wa dini, atakayekuwa na muda wa kulijibu vizuri zaidi. Kisha mwambie na la mtihani: msahihishaji hatoi alama kwa kuamini. Swali likisema "eleza ushahidi wa mageuko", aeleze ushahidi, ataje visukuku na ulinganisho wa maungo, atoe mifano, ahamie swali linalofuata.