AGM au lithium kwa gari ya kulala: betri kavu inasingiziwa

Siku hizi ukikaa baraza yoyote ya watu wa magari hapa Unguja ukasema unatengeneza Hiace yako iwe ya kulala, na kitanda, na friji ndogo, na feni, basi hujamaliza kusema ushaambiwa betri ya pili ya kuendeshea vitu hivyo weka lithium, AGM usiitie mkono, zishapitwa na wakati, miezi minane tu inakuwa kopo. Kila mtu ana jamaa yake ambae betri ilimfia. Na kweli zinakufa, sibishi, mie mwenyewe nimezika mbili. Ila nikimuuliza mtu ile betri ilikuwa inachajiwa na nini, na ilikuwa inajaa khasa kila baada ya siku ngapi, hapo huwa kimya, au anambie "si na gari tu". Hiyo "na gari tu" ndo nataka tukae nayo leo.

AGM ni hii tunayoita betri kavu. Ndani ni risasi na asidi vile vile kama betri ya maji, tofauti asidi imefyonzwa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo baina ya pleti, kwa hiyo haimwagiki na wala huongezi maji. (Jeli nayo watu wanaita kavu lakini si AGM, na voliti zake za kuchajia ziko chini kidogo, kwa hiyo soma ubavuni kabla hujachomeka kitu.)

Lithium tuipe haki yake kwanza maana anastahili. Hii ya magari ya kulala ni ile ya fosfeti ya chuma, si kama ya simu. Ya ampea-saa 100 (ndo kipimo cha moto inaoweka) ina kilo 11 mpaka 13 hivi, AGM ya ampea-saa 100 ina kilo 28 mpaka 32. Lithium unatumia 80 au zaidi kati ya zile 100 na haijali, AGM ukitaka iishi unatumia 50 tu. Ukiishusha AGM mpaka nusu kila siku inakupa mizunguko 500 au 600 hivi, lithium ya maana inapita 2000. Na kubwa kuliko yote, lithium haidhuriki kukaa nusu. Ukiiacha na asilimia 60 wiki nzima haina neno nawe. Hayo ni mambo mazito, na mtu anaelala ndani ya gari kila siku ya Mungu mie simshauri AGM.

Sasa ya AGM. Ukianza kuichaji ikiwa nusu inapokea vizuri tu, unachoipa inakula, mpaka ifike kama asilimia 80. Hapo voliti zinakuwa zishafika 14.4 au 14.7, na kuanzia hapo ampea zinaanza kushuka zenyewe, 20, 12, 7, 3, hata chaja yako iwe kubwa vipi. Ile asilimia 20 ya mwisho inataka saa nne mpaka sita. Hakuna wa kuiharakisha. Ni kama kujaza gunia la makumbi, mwanzo unatupia tu, mwisho unashindilia kidogo kidogo kwa miguu, na ukikataa kushindilia gunia halijajaa hata kama kwa mbali linaonekana limejaa.

Tuchukue saa hizo nne mpaka sita tuziweke kwenye barabara zetu. Mjini mpaka Nungwi ni kama kilomita 60. Mjini mpaka Paje kama 50. Na matuta na foleni ya Mwanakwerekwe, saa moja na nusu ushafika. Kisiwa chote cha Unguja kwa urefu ni kilomita 85 hivi. Yani uondoke Nungwi alfajiri uteremke moja kwa moja mpaka Kizimkazi bila kusimama hata kununua andazi, unafika baharini na betri yako bado haijamaliza kushindiliwa. Pemba ndo zaidi, Mkoani mpaka Chake ni kilomita 30 hivi, Chake mpaka Wete 30 nyengine. Wenzetu Ulaya walioandika kwamba betri ya nyuma, yani hiyo ya pili, inajazwa na altaneta (dinamo ya injini) ukiwa safarini, wao safari yao ni saa sita, saba. Sisi barabara inakwisha mwanzo! Nimekuja kulifahamu hili baada ya miaka na mpaka leo linaniuma, maana hakuna hata fundi mmoja alienambia, na mie nae sikuuliza.

Basi fikiri inavyokwenda. Ijumaa unalala Michamvi, betri inashuka mpaka 50. Jumamosi unaendesha saa moja inapanda 75, unadhani imejaa kwa sababu mita inaonesha 13 na kitu wakati injini imetoka kuzimwa. Usiku inashuka tena. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu gari imeegeshwa nyumbani, betri ina 70, inakaa hivyo mpaka Ijumaa. Risasi inayobaki bila kuchajiwa inageuka chumvi ngumu juu ya pleti, na chumvi hiyo ikishakaa wiki na wiki hairudi tena. Baada ya miezi sita betri ya 100 inatoa 60, baadae 40, friji inazima saa nane za usiku na samaki wako ndani. Mwenyewe anasema imechoka kwa kazi. Kazi gani, nusu ya maisha yake ilikuwa inalala na njaa.

Ongeza na waya. Hiace nyingi zilizofungwa betri ya pili utakuta waya mwembamba wa taa umepita chini ya kapeti mpaka nyuma, na rilei moja (swichi inayoziunga betri mbili). Altaneta inatoa 14.2, ukipima kwenye betri ya nyuma unakuta 13.5. Kwa 13.5 AGM haijai hata uendeshe mpaka Tanga kungekuwa na daraja. Waya uwe mnene, milimita 16 au 25 za mraba, na fyuzi karibu na kila betri, si mbele tu, maana waya ule una betri ncha zote mbili. Au ufunge ile chaja ya kati, inayopokea moto wa altaneta na kuupandisha mpaka voliti inazozitaka betri.

Wa lithium wataniambia, sasa si ndo hayo, lithium haitaki yote haya. Kwa upande wa kujaa ni kweli na siwezi kuipindua hoja hiyo. Lakini kwenye kuchaji hapana, lithium ukiiunga moja kwa moja na altaneta inavuta kila ampea iliyopo, na altaneta ikiwa injini iko silensa, na joto letu hili, inaungua. Kwa hiyo na yeye anataka ile chaja ya kati, na kontrola ya sola (kifaa kinachosimamia paneli inavyochaji betri) yenye mpango wake. Watu wanaikimbia AGM kwa sababu hawakutaka kununua chaja, halafu wananunua betri ghali zaidi isiyokubali kukaa bila chaja hiyo hiyo. Na ile bodi ndogo ndani ya lithium inayoilinda, siku ikikata, unabaki na boksi linalosoma sifuri na fundi anakutazama usoni. AGM fundi yoyote wa Darajani mwenye mita anakwambia ina nini.

Mie iliyonitoa kwenye shida ni kugawa kazi. Altaneta na chaja yake inafanya ile nusu ya haraka asubuhi unapohama pwani moja kwenda nyengine, na sola inamaliza pole pole kuanzia saa nne mpaka alasiri, saa zile zile tano sita AGM inazozitaka. Paneli ya wati 200 inakaa juu ya Hiace vizuri, na kwa jua letu la saa tano za nguvu, ukitoa upotevu, unapata ampea-saa 55 au 60 kwa siku. Friji ndogo ya kompresa kwa joto hili inakula kama 40, feni na taa na simu 10 au 15. Inatosha siku ya jua, na haibakishi. Ukiegesha chini ya mnazi kwa ajili ya kivuli imekula kwako, kivuli cha kuti moja tu kwenye paneli kinaangusha umeme mwingi kuliko mtu anavyodhani. Na masika, Machi mpaka Mei, usijidanganye, mara moja kwa wiki rudi nyumbani uchomeke chaja ya umeme wa ZECO usiku kucha.

Chaja iwe na sehemu ya AGM. Hapa nina donda. Betri yangu ya pili niliipeleka gereji moja Pemba, wakaiunga na chaja ya zamani ya transfoma, ile isiyojua kusimama, usiku mzima. Asubuhi naenda kuichukua kijana ananambia "Ami, hii betri yako naona imevimba." Imevimba kweli, ubavu umetoka kama mkate wa mofa. Betri ya maji ingechemka, ungeongeza maji, yakaisha. Betri kavu ikichemka maji yametoka kwenye vali na huna pa kuyarudishia. Ndo hivyo na zile chaja zenye kitufe cha kufufua betri kwa voliti 15 na kitu, kwa AGM usiziguse.

Joto nalo linaila. Kila digrii 10 zinazozidi 25, umri wa betri ya risasi unapungua kama nusu. Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, na huko ndo watu wanapenda kuiweka betri kwa sababu pana nafasi. Ipeleke nyuma. Kontrola iwe na waya wa kupima joto la betri, maana kwa digrii 35 ile 14.7 inatakiwa ishuke mpaka 14.45 hivi, ukiiacha pale pale unaikausha kila siku kidogo. Lithium pia haipendi joto, nyingi mwisho wake wa kuchajiwa ni digrii 45, na gari iliyofungwa vioo juani Paje inafika.

Dukani nenda na vitu viwili, mita na mzani. AGM iliyoandikwa 100 ikiwa na kilo 18 hiyo si 100, iache hapo hapo hata kama stika yake ina ng'ara vipi. Mita isome 12.7 au zaidi, ikiwa 12.4 imekaa kwenye kontena na stoo miezi mingi na ile chumvi ishaanza. Na usome imeandikwa nini, kama sifa yake kubwa ni ampea za kupiga starti basi hiyo ni ya kuwashia injini, wewe unataka ya kutumika pole pole, iliyoandikwa ampea-saa za saa 20, yani moto inaotoa ikimalizwa pole pole kwa saa 20. Ukichukua mbili chukua za siku moja na aina moja.

Kwa mtu anaetoka Ijumaa na Jumamosi na gari inakaa nyumbani karibu na soketi siku nyengine, mie naona AGM mbili zinamtosha miaka minne na zaidi kama inajaa kila wiki. Anaepeleka wageni wiki nzima, kila wiki, anunue lithium na chaja yake na asijute. Zangu za sasa zina miaka mitatu, alfajiri ya Jumapili iliyopita Kizimkazi zilisoma 12.4 baada ya usiku wa friji na feni. Nikija kubadilisha sitoziuza kwa wa vyuma chakavu, zitakwenda kwa mama. Yeye giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010 waya wa baharini ulipotuacha alilipita kwa kandili, na betri kavu iliyochomekwa ukutani muda wote, imejaa, ikingoja umeme ukatike tu, hapo ndo mahala pake khasa.