Kitunguu cha jeshi la majini

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti watatu wa maabara ya Jeshi la Majini la Marekani, Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag, walikuwa na tatizo ambalo kusimba ujumbe peke yake hakulitatui. Tuseme ofisa wa ujasusi yuko hotelini nchi ya watu. Maneno yake yamefumbwa, hayasomeki. Lakini anayefuatilia mtandao wala hahitaji kuyasoma: akiona kompyuta ya chumba fulani inaongea na kompyuta ya jeshi kila siku saa mbili usiku, mgeni wa chumba hicho ameshajulikana.

Jibu lao walilifananisha na kitunguu. Ujumbe unatiwa bahasha ndani ya bahasha, kisha unapitishwa kompyuta hadi kompyuta, kila moja ikimenya ganda lake tu. Ya kwanza inamjua mtumaji, haijui mzigo unaishia wapi. Ya mwisho inajua unakokwenda, haijui umetoka kwa nani.

Sasa njoo kwenye kichekesho chenyewe. Kama ni jeshi peke yake linalotumia vitunguu, basi kila kitunguu kinachopita ni cha jeshi! Ukijifunika uso mahali ambapo wote wako wazi, umejitangaza. Ilibidi watu baki waalikwe. Tor, mtandao wa vitunguu hivyo uliojengwa na Roger Dingledine na Nick Mathewson pamoja na Syverson, ulianza kazi mwaka 2002, na tangu 2006 unasimamiwa na shirika lisilo la faida ambalo kwa miaka mingi limetegemea sana fedha za serikali hiyo hiyo ya Marekani.

Umati ukija, hauji na watu wema tu. Soko la Silk Road liliuza dawa za kulevya humo kuanzia 2011 hadi 2013, na picha za watoto wanaodhalilishwa zimepata maficho humo humo. Wanaotaka mtandao huu ufungwe si madikteta wote. Polisi anayemtafuta mtoto aliye kwenye picha ana haki ya kukasirika, na kumsomea historia ya jeshi la majini ni kumdhihaki.

Hata hivyo, hoja kwamba bila kuufunga hakuna atakayekamatwa hainiingii akilini. Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Harvard, akitaka kukwepa mtihani, alituma barua pepe za kutishia mabomu kupitia Tor. Hakuna aliyemenya ganda hata moja. Wachunguzi waligundua barua zimepitia Tor, wakaangalia kumbukumbu za waifai ya chuo kuona nani aliunganishwa na Tor muda huo, wakamfuata. Akakiri. Ni yale yale ya ofisa wa hotelini: maneno yamefichwa, mwenendo uko peupe, na umati wa kujichanganya nao haukuwepo.

Mwenye Silk Road, Ross Ulbricht, alikamatwa Oktoba mwaka huo huo ndani ya maktaba San Francisco. Maofisa wawili walijifanya wapenzi wanaogombana nyuma yake, alipogeuka kutazama (nani asingegeuka?), kompyuta yake ikanyakuliwa ikiwa imefunguliwa.

Huku kwetu kiu ya kujificha mara nyingi haina ujasusi wowote. Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, Julai 2018, watu walikimbilia VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta za kampuni nyingine, ili waingie WhatsApp bure. Wengi hawakujiuliza kwamba VPN haina maganda: kampuni moja inakujua wewe na inajua unakokwenda. Walichofanya ni kubadilisha anayewachungulia.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kuuacha mtandao huu wazi, ila moyo haujatulia. Ile mbinu ya maktabani ilihitaji miaka ya upelelezi, na mtoto aliye kwenye picha hana miaka ya kusubiri.