Mbweha wa Leicester wamepanda daraja, sasa waelekee Belgrave

Ijumaa moja mwanzoni mwa msimu uliopita nilikuwa nimekaa Grace Road, uwanja wa kriketi wa Leicester, Uingereza, koti limenifika kidevuni, nikitazama mechi ya siku nne ambayo saa nzima ya kwanza haikuwa na jambo la kumsimulia mtu. Jukwaani tulikuwa wa kuhesabika. Wazee wa Kiingereza, blanketi magotini, chupa ya chai pembeni, mmoja na redio ndogo sikioni akisikiliza mechi ile ile aliyokuwa akiitazama. Viti vitatu kushoto kwangu alikaa mzee wa Kihindi mwenye kofia ya sufu. Dada yangu akanipigia kutoka Mombasa, nikaongea naye mawili matatu, na nilipokata simu yule mzee alikuwa amenigeukia.

"Wewe mtoto wa wapi?" Kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mzee. Mimi wa Mombasa."

Akanyamaza kidogo, kama mtu anayepapasa mifuko kutafuta ufunguo. "Marahaba," akasema hatimaye, akacheka mwenyewe. "Marahaba, mwanangu. Neno hili sijasema miaka mingi."

Alitoka Jinja mwaka 1972, kijana wa miaka 19, na sanduku moja. Tukaongea mpaka wachezaji walipoenda kula. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kifupi kifupi, lakini kilitosha kunieleza jambo ambalo limekuwa likinizunguka kichwani tangu siku ile, na zaidi tangu Septemba 2025, klabu ya kriketi ya kaunti ya Leicestershire ilipotwaa Daraja la Pili na kupanda Daraja la Kwanza ambalo haikuwa imeliona tangu 2003. Alisema: "Rafiki zangu wote hapa Leicester wanapenda kriketi kuliko kula. Lakini tazama. Hapa niko mimi tu."

Kwa asiyeijua klabu hii: jina la utani ni Mbweha, ilianzishwa 1879, na uwanja wake umejificha katikati ya nyumba za matofali mekundu zilizobanana, kusini mwa jiji. Mgeni anaweza kuuzunguka mara mbili bila kuuona. (Jina Grace Road halina uhusiano na W. G. Grace, yule mwanakriketi mashuhuri wa zamani mwenye ndevu. Watu huniuliza kila mara.) Ubingwa wa Kaunti, ligi ya mechi za siku nne, imeutwaa mara tatu: 1975, 1996 na 1998. Kombe la ova ishirini, mechi fupi za jioni moja (ova ni mipira sita), imelitwaa mara tatu pia. Kisha ikaanguka vibaya. Msimu wa 2013 haikushinda hata mechi moja ya Ubingwa wa Kaunti, na wa 2014 ukawa hivyo hivyo. Iliposhinda hatimaye, Juni 2015 dhidi ya Essex, zilikuwa zimepita siku 992.

Tangu kabla ya kiangazi hicho klabu ilikuwa shamba la wengine. Unapanda, unapalilia, jirani anakuja na kikapu. Stuart Broad alilelewa hapa, akaenda Nottinghamshire. James Taylor, Nottinghamshire. Harry Gurney, Nottinghamshire. Zak Chappell, naye Nottinghamshire. Kutoka Leicester hadi Nottingham ni kama kilomita 40, yaani kijana hahitaji hata kuhama nyumba, anabadilisha tu barabara ya kwenda kazini. Ndiyo maana watu wa hapa wanamwonea fahari Rehan Ahmed, aliyezaliwa Nottingham na kuja Leicester, kinyume na mkondo wa mto. Desemba 2022, Karachi, akiwa na miaka 18 na siku 126, akawa mwanamume mdogo kuliko wote kuwahi kuichezea Uingereza mechi ya Test, ile ndefu ya timu za taifa, na akang'oa wiketi tano, yaani akawatoa wapigaji watano, katika zamu ya pili. Mdogo wake, Farhan, anachezea wapi? Msinichokoze.

Sasa pesa. Mwaka 2025 bodi ya kriketi ya Uingereza na Wales, ECB, iliuza hisa za timu nane za mashindano ya The Hundred, yale ya mipira mia kwa kila upande. Zikapatikana zaidi ya pauni milioni 500. Matajiri wenye timu za ligi ya India waliingia kwa kishindo: wenye timu ya Hyderabad walinunua timu ya Leeds yote, wenye Lucknow wakachukua asilimia 70 ya ile ya Manchester. Grace Road si mojawapo ya viwanja vile vinane. Timu ya eneo letu iko Trent Bridge, na Trent Bridge ni, ndiyo, Nottingham. Lakini kaunti zisizo na timu zina fungu lao katika mauzo hayo, na kwa klabu ambayo kwa miaka imeishi kwa mgao wa ECB, fungu hilo ni mvua ya baraka. Ila ni mvua ya siku moja. Hisa zikishauzwa zimeuzwa.

Nini kifanyike nazo? Nasikia mawazo ya aina mbili, na yote mawili yananipa wasiwasi.

La kwanza ni kuiga wakubwa. Jengo jipya, kumbi za mikutano, hoteli inayotazama uwanja kama zilivyo Old Trafford ya kriketi, Manchester, na pale kwa kaunti ya Hampshire. Sina ugomvi na hoteli. Ila wale wana mechi za timu ya taifa na wana The Hundred, ndipo vyumba vinapojaa. Ukijenga hoteli inayotazama mechi ya Ijumaa niliyoisimulia hapo juu, utakuwa umewajengea wazee wangu wa blanketi mahali pa joto pa kunywea chai, jambo jema, lakini deni atalipa nani?

La pili ni kuuza klabu yenyewe. Hampshire walishafanya hivyo mwaka 2024, wakanunuliwa na kampuni ya GMR, mmoja wa wamiliki wa timu ya Delhi. Leicestershire bado ni mali ya wanachama wake. Najua hoja ya wanaotaka kuuza, na si ya kipuuzi: wanachama wengi ni watu wazima sana, wanapungua kila majira ya baridi, na klabu inayomilikiwa na kikundi kinachozeeka haiwezi kujiita mali ya umma. Hapo nakubaliana nao kabisa. Lakini wanachama wakiwa wachache, dawa ni kuongeza wanachama. Mimi nikiona madrasa ina watoto kumi, siuzi madrasa.

Na wanachama wapo. Sensa ya 2021 ilionyesha asilimia 43 ya wakazi wa jiji la Leicester ni wenye asili ya Asia, wengi kuliko Wazungu. Sehemu kubwa walipitia kwetu. Wa Kenya walianza kuja miaka ya 1960, wa Uganda wakafuata Idi Amin alipowafukuza. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Baraza la jiji la Leicester mwaka 1972 lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwaambia wasije. Walikuja. Na mwenyeji akapona kweli, maana viwanda vya nguo na soksi vilipokuwa vinafungwa mmoja baada ya mwingine, maduka yao ya Belgrave Road, kaskazini mwa jiji, ndiyo yalikuwa yanafunguliwa.

Nenda Belgrave Road leo jioni. Ukiagiza chakula utaona kwenye orodha neno "mogo". Ni muhogo wetu ule ule, umekatwa vipande, umekaangwa, umepakwa pilipili na ndimu, umeangusha silabi moja ya jina kama msafiri aliyepunguza mzigo. Mara ya kwanza niliutamka "muhogo", na mama aliyekuwa nyuma ya kaunta akaniambia, "Hivyo ndivyo bibi yangu alivyosema." Ukutani kwake kuna televisheni, na televisheni inaonyesha kriketi. Daima. India, ligi ya India, marudio ya ligi ya India. Toka hapo hadi Grace Road ni safari fupi ya basi, na katika miaka yote niliyokula pale sijasikia mtu akiwataja Mbweha.

Hilo ndilo ningelianza nalo kama ningekuwa na kura. Si kwa huruma wala kwa maonyesho ya picha za watoto wa rangi mbalimbali kwenye tovuti. Kwa hesabu. Katika kriketi ya mitaani ya Uingereza takriban mchezaji mmoja kati ya watatu ana asili ya Asia Kusini. Katika kriketi ya kulipwa wanabaki wachache mno. Wanapotea njiani. Wengi hupotea kwenye gharama: gongo, pedi, kofia, ada ya mazoezi ya ndani wakati wa baridi, na gari la kumpeleka mtoto mechi ya ugenini Jumamosi baba akiwa dukani. Mtoto wa shule ya kulipia ana vyote hivyo kabla hajajua kushika gongo. Pesa za mara moja zingewekwa mahali salama, na faida yake kila mwaka ilipie hayo: nyavu za ndani upande wa Belgrave na Highfields, basi la Jumamosi, kocha anayelipwa kukaa bustanini akitazama vijana wanaocheza na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe. Ule mpira unawafundisha warushaji mambo ambayo chuo hakifundishi.

Halafu uanachama. Weka bei ya familia, si ya mtu mmoja. Mechi za ova ishirini za Ijumaa jioni ziwe na mogo na chai ya maziwa langoni. Wanaonunua wapewe kura, kura kamili, wala si kadi ya punguzo. Kuna watakaosema Wahindi na Wapakistani wa Leicester hawawezi kukaa jukwaa moja, wakikumbushia vurugu za 2022 zilizoanza baada ya India na Pakistan kukutana kwenye Kombe la Asia. Mimi naiona kinyume. Hao vijana wana timu mbili za mbali za kugombania na hawana hata moja ya karibu ya kushangilia pamoja.

Wala si kwamba klabu hii haijui kupata kitu kutoka kwetu. David Gower, mpigaji laini kuliko wote waliowahi kuvaa jezi yake, alitumia miaka yake ya kwanza Dar es Salaam, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alianza kuichezea Leicestershire 1975, mwaka ule ule wa ubingwa wa kwanza, na majira ya joto hayo hayo timu iliyoitwa Afrika Mashariki ilikuwa Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza, ikipigwa mechi zote tatu.

Nazungumza haya sasa kwa sababu klabu iko juu. Iliposhinda kombe la siku moja Septemba 2023, kwa mikimbio miwili tu, yaani pointi mbili, dhidi ya Hampshire, Harry Swindells akiwa na mikimbio 117 bila kutolewa na Josh Hull wa miaka 19 akirusha ova ya mwisho, jiji lingeweza kuitwa likaja. Kupanda daraja ni nafasi ya pili. Ikishuka tena, nani ataitikia?

Nirudi kwa mzee wa Jinja. Kabla hatujaagana nilimuuliza kama ana wajukuu wanaocheza. Uso ukamng'aa. Mmoja, miaka 13, anarusha mpira wa kuzungusha kwa mkono wa kushoto, akinionyesha kwa vidole vyake vyenye baridi jinsi kijana anavyoushika. Nikamwambia angemleta leo, kungekuwa na nafasi tele.

"Ana mechi leo jioni, Spinney Hill Park, na wenzake," akasema, akikunja blanketi. "Huku hajafika bado. Hajaniomba, na mimi sijui nimwambie aje kuona nini."