Wafungwa wa Australia: kati ya pingu na ekari 30

Tangu merikebu 11 zilipong'oa nanga Portsmouth mwezi Mei 1787 hadi mpango ulipokoma mwaka 1868, Uingereza iliwapeleka Australia wafungwa wapatao 162,000, wengi wao wezi wa vitu kama nguo na kondoo. Wapo wanaouona mpango huo kuwa ukatili uliovishwa joho la sheria, na wapo wanaosema kwamba uliwafungulia riziki watu ambao kwao wangeishia jela au kitanzini.

Wa kwanza hawakosi ushahidi. Katika msafara wa pili, wa mwaka 1790, makontrakta waliozoea kusafirisha watumwa walilipwa pauni 17 na ushei kwa kila mfungwa aliyepanda merikebu, awe amefika hai au la. Ukishayajua malipo hayo, huna haja ya kuuliza kwa nini watu walinyimwa chakula na kuachwa katika minyororo, ndani ya maji yaliyovuja. Takriban robo yao walikufa njiani. Baadaye madaktari walipopewa mamlaka merikebuni, na bakshishi kwa wafungwa waliofika salama, vifo vilipungua sana. Kwa hiyo lawama ni ya mkataba kuliko bahari.

Upande wa pili nao una watu wake. James Ruse, aliyemaliza kifungo chake, alipewa ekari 30 huko Parramatta, karibu na Sydney, na Mary Reibey, aliyehukumiwa akiwa binti wa miaka 13 kwa kuiba farasi, alifiwa na mume akaendesha maghala na merikebu mpaka akawa tajiri wa Sydney; leo sura yake imo katika noti ya dola 20. Hata hivyo, mifano hii huchaguliwa kati ya waliofaulu tu. Mfungwa aliyekabidhiwa kwa bwana shamba mwema aliweza kupata kibali cha kujitafutia kazi kabla ya kifungo kwisha. Aliyeangukia kwa mkorofi alionja viboko, pengine hata kisiwa cha Norfolk, kituo cha adhabu kali kwa waliokosa tena.

Kinachonisumbua katika mabishano haya ni kwamba pande zote mbili humwangalia mfungwa na bwana wake tu, ilhali ekari 30 za Ruse zilikuwa na wenyewe. Wenyeji wa asili hawakulipwa wala hawakufanyiwa mkataba, na mwaka 1789 ndui iliwamaliza wengi wao kandokando ya Sydney. Malisho yalipozidi kupanuka, aliyetangulizwa kwenye ardhi hiyo na mifugo ya tajiri alikuwa mara nyingi mfungwa.

Huko Myall Creek, katika koloni la New South Wales, Juni 1838, wanaume 12 waliwafunga kamba wenyeji wasiopungua 28, wengi wao wanawake, watoto na wazee, wakawaongoza nje ya kambi na kuwaua. Wauaji 11 walikuwa wafungwa au waliowahi kuwa wafungwa. Wote 11 walishtakiwa wakaachiwa; kesi ya pili ndiyo iliyowatia hatiani saba, nao wakanyongwa. Yule wa 12, kiongozi wao John Fleming, mtu huru aliyezaliwa katika koloni, hakukamatwa kamwe. Shahidi mkuu aliyesimama mahakamani kuwataja wauaji alikuwa George Anderson, mlinzi wa kibanda cha wachungaji, naye pia mfungwa.