Kamanda Aliyefichwa Nyuma ya Karatasi
Tangu mwaka 2007, mchezo wa video wa Mass Effect unamruhusu mchezaji kuchagua shujaa wake, Kamanda Shepard, awe mwanamume au mwanamke, na huyo mwanamke, kwa sauti ya Jennifer Hale, alinikeshesha hadi adhana ya alfajiri. Je, kwenye jalada la kasha la mchezo alikaa nani? Yule bwana wa nywele fupi! Matangazo ya awali je? Bwana yule yule, kidevu mbele kama anayedai kodi ya pango. Mwaka 2012, toleo la tatu lilipotoka, dada yetu hatimaye alipewa jalada: upande wa nyuma wa karatasi ile ile, ili umwone, sharti uichomoe kwenye kasha, uigeuze, kisha uirudishe taratibu isichanike. Hivi kweli, wenzangu, mwokozi wa galaksi nzima afichwe kama pesa ya mboga chini ya godoro?