Kiki na Besi: Nani Ampishe Mwenzake?

Maprodyuza wa Tanga hawabishani sana kuhusu sauti ya msanii. Hiyo watairekebisha. Kinachowagombanisha ni sauti mbili za chini kabisa kwenye biti: kiki, yaani lile dundo linaloshika mwendo, na besi inayotembea nalo. Kambi moja inasema besi iipishe kiki kwa mashine, kwa saidicheni, mbinu inayoishusha besi kila kiki inapopiga. Kambi ya pili inasema ukijiona unahitaji saidicheni, ujue uliharibu mapema, kwenye kuchagua sauti na kupanga noti. Mimi niko karibu na kambi ya pili, ila si kwa sababu wanazozitoa wao.

Tatizo lenyewe ni la nafasi. Kiki nyingi za kompyuta zina uzito wake kwenye 50 au 60 Hz hivi, yaani wimbi la sauti linatetema mara 50 au 60 kwa sekunde. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi ukipigwa wazi, noti ya E, unatoa 41 Hz. Unaoufuata, A, unatoa 55 Hz. Hapo umewapangisha wawili chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Mawimbi yao yakipanda pamoja sauti huongezeka, hadi desibeli 6 kama nguvu zao zinalingana, na mita ya sauti inaingia kwenye nyekundu. Moja likipanda huku jingine linashuka, yanafutana. Ndiyo maana sampo ya kiki, kile kipande cha sauti kilichorekodiwa, inaweza kuwa ileile mwanzo hadi mwisho wa biti, lakini dundo moja likakupiga kifuani na linalofuata likapwaya.

Saidicheni inaingilia kati hivi: kompresa, kifaa cha kushusha sauti inapozidi, inawekwa kwenye besi, lakini inaambiwa isikilize kiki. Kiki ikipiga, besi inashushwa. Kiki ikipita, inaachiwa. Ndani ya FL Studio, programu ya Wabelgiji ya kutengenezea muziki iliyotoka mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, unaifanya kwa kompresa yake iitwayo Fruity Limiter kabla chai haijapoa. Na wanaoitetea wana hoja nzito. Msanii anafika, anajaribu kiitikio, anasema, “Kaka, nishushie kidogo, hapa juu sifiki.” Ukimshushia, noti zote za besi zinahama, na ule mpangilio uliopima kwa masafa, yaani zile Hz, unavunjika. Saidicheni haijali noti gani inapigwa. Halafu kwenye house, muziki wa klabu wa dundo moja kila pigo, besi kuzama na kuibuka kila dundo likipita ndiyo ladha yenyewe. Ukiiondoa, wimbo unapooza.

Kambi ya pili hukimbilia historia, na Tanga historia ya kukimbilia ipo. Huu ndio mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi, na wa Black Star Musical Club waliopiga taarab kwa magitaa, la besi likiwemo. Sikiliza rekodi za enzi hizo: besi imetawala chini, ngoma ziko juu na ni nyepesi, hakuna anayemkanyaga mwenziwe. Ngoma za pwani nazo hivyohivyo, vumi linashika chini na chapuo linacheza juu yake. Wazee, wanasema, hawakuwa na kompresa ya kumshusha mtu na muziki wao ulieleweka.

Hoja tamu, lakini haimalizi kesi. Mgogoro huu wazee hawakukutana nao. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ilitoa TR-808, mashine ya ngoma ambayo kiki yake inaweza kuvutwa mkia mrefu mpaka ikaunguruma kama noti. Mashine yenyewe haikukaa sokoni muda mrefu, ila sampo zake hadi leo zimejaa kwenye kompyuta za vijana. Kiki ya namna hiyo tayari ni besi ya pili. Huwezi kumtaka mpiga besi wa Atomic akupe dawa ya ugonjwa ambao kwake haukuwepo.

Kinachonipeleka mimi upande wa kambi ya pili ni hesabu ya mwendo. Singeli, muziki wa kasi, imezaliwa uswahilini Dar es Salaam, lakini nenda kwenye sherehe yoyote Ngamiani au Makorora, mitaa ya Tanga, uone kama wataacha kuipiga. Mwendo wake ni mapigo 200 kwa dakika na zaidi. Kwa mapigo 120, kutoka pigo hadi pigo una nusu sekunde. Kwa 200 una milisekunde 300, na kiki ikigonga mara mbili ndani ya pigo zinabaki 150. Sasa kijana amejifunza saidicheni kwenye video ya mtu wa house, ameweka muda wa kuachia, yaani wa besi kurudi juu baada ya kushushwa, milisekunde 200 kama alivyoonyeshwa. Kiki zikigonga hivyo mbilimbili, besi yake haitarudi kamili hata mara moja. Kabla haijainuka, kiki nyingine imeshaibana. Alichofanya ni kuipunguza besi wimbo mzima kwa njia ndefu, wakati angeweza kuishusha tu kwa kidole.

Atasema, basi nipunguze muda wa kuachia. Sawa, lakini kuna sakafu. Wimbi la 50 Hz linachukua milisekunde 20 kuzunguka mara moja. Kompresa ikiachia haraka kuliko hapo, inaanza kulifuata wimbi lenyewe badala ya kufuata nguvu ya sauti, na besi inakwaruza. Kwenye singeli, basi, unacheza katikati ya milisekunde 20 na 150, na sehemu ya muda huo kiki imeshaula. Hapo ni afadhali uamue mapema nani anamiliki chini. Kiki ikiwa nzito, besi ipande juu na ipigwe pale kiki inaponyamaza. Besi ikiwa ndiyo nzito, chagua kiki fupi, kavu, isiyo na mkia.

Kuna jambo jingine ambalo kambi zote mbili hulipita, nalo ni chumba. Wimbi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita saba. Studio ya mtaani yenye mita tatu na nusu ukuta hadi ukuta inabeba nusu yake kamili, kwa hiyo katikati ya chumba masafa hayo karibu yanapotea, na ukutani yanajaa. Prodyuza kaweka kiti katikati. Haisikii besi, anaongeza. Wimbo unafika kwenye harusi, fundi mitambo naye kaifungulia sabufa mpaka mwisho, maneno ya mwimbaji hayasikiki. Nadhani nusu ya mabishano haya yangekwisha kwa kusogeza kiti.

Na wengi wa wasikilizaji wanatumia simu. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya 150 Hz, kwa hiyo ugomvi wote wa 50 Hz haupo kwao. Wanachosikia ni vivuli vya juu vya besi: noti ya 55 Hz ikikwaruzwa kidogo makusudi inazaa 110, 165, 220, na sikio linaijazia yenyewe ile ya chini iliyokosekana. Sasa ukiishusha besi yote kwa saidicheni, na vivuli hivyo unavishusha, na kwenye simu besi inasikika ikikatika ovyo.

Kwa hiyo ninapoikubali saidicheni, naikubali nusu. Gawa besi kwenye 100 Hz. Chini ya hapo iipishe kiki, juu ya hapo iache iimbe. Kabla ya hilo, geuza wimbi la kiki juu chini usikilize. Uzito ukirudi, liache hivyohivyo, kazi imekwisha bila kompresa. Kwa house sina ubishi nao, washushe wanavyotaka. Kwa amapiano, besi ya logi dramu, ile sauti ya chini inayogonga kama gogo, yenyewe ni ngoma na kiki mara nyingi ni ya upole, muda wa kupumua upo wa kutosha, na huko saidicheni ndogo haimdhuru mtu. Lakini anayeniletea singeli ya mapigo 220 kwa dakika yenye besi inayovutwa na saidicheni ya video ya house, nitamwomba kwanza aizime, tusikilize noti alizopanga.